Utani Hauandikwi

Jumatatu, 4 Januari

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama macho yamekwisha kupita hapa, basi iwe kama umefika mtoni ukamkuta mtu anaoga: unageuza shingo, unarudi ulikotoka, husemi. Hata neno moja. Usimsomee mwenzio, usimhadithie mkeo, usiliache mezani likiwa wazi. Nakuomba kwa jina la mama yako.

Sina jambo kubwa la kuficha. Ninaogopa tu. Wiki iliyopita mtu alifungua droo yangu ofisini. Hakuchukua kitu. Alizipanga kalamu zangu vizuri kuliko nilivyoziacha! Tangu siku hiyo daftari linakaa kwenye mkoba, chini ya karanga.

Leo mkuu wangu, Bwana Millogo, kaniita. Wakubwa wa jiji wanataka njia ya miguu kwa ajili ya wageni. Watembee mji mkongwe wa Ouagadougou, Ouaga yetu, wasimame hapa na pale, wasome vibao. Nani ataandika vibao? Toé. Kwa nini Toé? "Kwa sababu ofisi nzima ni wewe peke yako unayetembea." Wenzangu wakacheka. Nikacheka nao.

Pikipiki yangu ilikwenda na mafuriko ya Septemba. Pamoja na chumba, na ukuta wa chumba, na vyungu vya shangazi. Shangazi karudi kwetu Tougan. Mimi nalala stoo kwa Germaine, tuliyesoma naye. Tangu Septemba sijalia. Si ujasiri. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua upo kwa sababu unauona.

"Andika wanachosema watu, neno kwa neno," mkuu alisema. "Usitie chumvi, usipunguze." Hilo naliweza. Labda ndilo pekee ninaloliweza.

Jumanne, 5 Januari

Stesheni ya treni hadi kanisa kuu.

Sikujua kuwa kutembea katika mji huu ni kujitangaza. Kila pikipiki inapunguza mwendo. Umeishiwa mafuta? Imeharibika? Mume kakufukuza? Mmoja akasimama kabisa, akazima injini.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Popote. Natembea, nauangalia mji."

Akauangalia mji. Akaviangalia viatu vyangu vya ofisini. "Pole sana, dada," akasema, akawasha, akaondoka polepole kama mtu anayetoka msibani.

Kanisa kuu ni la matofali ya udongo. Minara yake haikumalizwa. Mvua ya Septemba ililipiga mchana kutwa, nalo likasimama. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo uleule, ikayeyuka kama sukari. Niliweka kiganja ukutani. Ukuta una joto. Nikangoja nisikie kitu moyoni. Mlinzi akaja kuniuliza kama nanunua rozari, na kama sinunui, niondoe mkono.

Nimeandika: udongo, minara, joto.

Alhamisi, 7 Januari

Zangouettin. Mtaa wa Wahausa, ulivunjwa nilipokuwa bado shuleni. Nyasi kavu, vumbi, kuta mbili tatu. Kituo gani hiki sasa? Wageni wasimame waangalie nini?

Mwanamume mmoja, mtu mzima, kanzu safi, alikuwa anakojoa kwenye kipande cha ukuta. Nikageuka haraka. Akaniita.

"Usiondoke, binti! Unafikiri sina adabu? Hiki kilikuwa chumba changu cha kulala. Nakojoa chumbani kwangu. Una neno?"

Akajifunga, akanionyesha kwa mkono: hapa kitanda, hapa mlango, hapa bibi yake alikuwa anauza kokwa za kola. Akaaga kwa heshima. Alitoka kupitia pale ulipokuwa mlango, ingawa pande zote ni wazi.

Nimeliandika lote. Jioni mkuu kalifuta kwa kalamu nyekundu. Aliacha neno "Wahausa".

Ijumaa, 8 Januari

Kasri la mfalme. Nilichelewa. Nikamkuta farasi anavuliwa matandiko. Kila Ijumaa asubuhi mfalme hujiandaa kuondoka na kila Ijumaa husihiwa abaki. Mji mzima unajua haendi, na bado unamsihi.

Niliandika: "Hajaondoka." Mkuu hakucheka.

Jumatatu, 11 Januari

Bendaghin, mtaa wa wapiga ngoma wa zamani. Vichochoro vyembamba, kuta za udongo, baadhi zimetiwa saruji upande wa barabarani tu, kama mtu aliyejipaka poda usoni akasahau shingo. Ua wa akina Nikiéma uko mwisho, kwenye kona. Nilibisha hodi, nikaingia. Mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha kamba, kofia ya shirika la reli kichwani. Alikuwa kondakta wa treni, amestaafu. Jina lake Noaga. Anaongea kama bado anatangaza stesheni.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Toé."

"Toé!" Karuka. "Aïssata! Mke wangu! Mfunge mbwa! Msamo kaingia!"

Mimi ni mwoga, kila mtu anajua. Lakini mdomo ulijibu wenyewe, kama alivyonifundisha bibi yangu. Sisi Wasamo ni watani wa Wamosi: wao hutuita wala mbwa, sisi huwaita wezi wa punda. Msamo akimkuta Mmosi, haombi ruhusa.

"Mwizi wa punda wewe! Toka kwenye kiti changu!"

Akasimama wima, akavua kofia, akakaa chini mavumbini. Mimi nikakaa kitini. Mama yake, Bibi Tibo, amejilaza kwenye mkeka juani, hana jino hata moja, akacheka mpaka akakohoa. Aïssata, mke wa mzee, ni Mfulani. Alimfunga mbwa kwelikweli, kwa kamba, huku ananitazama.

Nikatoa kalamu. Nikauliza swali langu kama karani: nani alijenga hapa kwanza?

"Nani mwingine? Nyinyi!" Noaga kajibu. "Wasamo. Babu zetu walikuwa watumwa wenu, mliwaleta wawalindie mbwa wenu wasitoroke kabla ya sikukuu. Hapa si petu, bibi yangu. Ni pa Wasamo. Sisi wageni tu. Mkisema tokeni, tunabeba sufuria tunatoka."

"Basi tokeni."

"Leo au kesho?"

"Kesho. Leo kwanza nipikie."

Nikaandika neno kwa neno. Aliona naandika, akafurahi. "Andika! Andika! Na uandike kuwa tunalala na mbuzi!"

Bibi Tibo alizungumza baadaye, kidogo. Aliletwa hapa na punda, bi harusi. Alimkuta mkwewe amekaa kwenye kizingiti. Baba yake mkwewe alizikwa nyuma ya ghala, na ghala lilikuwa la zamani tayari; mumewe naye amezikwa hapohapo. Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa pili.

Nilikula ugali wa mtama na mchuzi wa bamia. Noaga alidai nyama ni ya mbwa, nimeletewa kwa heshima yangu. Ilikuwa kuku.

Jumatano, 13 Januari

Mkuu kasoma kurasa za Bendaghin. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasoma tena.

"Alisema hivi mwenyewe?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa hiari yake? Mbele yako?"

"Ndiyo, mkuu."

"Toé, hii ni kazi nzuri." Hajawahi kuniambia hivyo. "Tia sahihi chini ya ukurasa wa kwanza."

Nikatia. Ukurasa wa pili akaurudisha kwangu, eti hauhitajiki.

Nilipotoka nilipaswa kufurahi. Nilijipapasa, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakuna.

Ijumaa, 15 Januari

Vumbi la jangwani. Taa zimewashwa mchana. Sikutembea.

Jumatatu, 18 Januari

Nimekwenda tena Bendaghin. Sikuwa na sababu ya kazi. Nilimpelekea Bibi Tibo kola, halafu nikakumbuka hana meno. Aïssata akamsagia kwenye kinu kidogo.

Bibi Tibo ananiita "mke mwenza". Anasema marehemu mumewe alimtaka msichana wa Kisamo kabla yake, akakataliwa kwa sababu alinuka punda. "Ungekuwa wewe," kaniambia, "ningekutilia mchanga kwenye chungu."

"Ningemla mbwa wako," nikasema.

"Ungekula peke yako, huna adabu!"

Tulicheka. Nilijisikia mwenyewe nacheka, kama mtu anayecheka chumba cha pili, na wewe umelala huku unamsikia.

Wakati wa kuondoka niliona upande wa nje wa ukuta msalaba mwekundu wa rangi. Mbichi bado. Nikamuuliza Noaga. Kasema ni vijana wa jiji, wanaweka alama za nyumba za udongo baada ya mafuriko, labda wataleta saruji ya bure. "Stesheni inayofuata: Saruji!" kapiga kelele.

Nimefika nyumbani. Nimekula. Siupendi ule msalaba.

Alhamisi, 21 Januari

Sasa najua.

Nilianza na mlinzi wetu getini, Barry. Kila asubuhi mkuu akifika, yeye Mbobo na Barry Mfulani, watani wa jadi, humwambia: "Mtumwa, ng'ombe wangu wako wapi?" Na Barry humjibu: "Nimewauza, nikamnunua baba yako." Wanagongana viganja, mkuu anapanda ngazi. Leo Barry kanishika mkono nilipoingia. Kanong'ona: dada Toé, ile kona ya Bendaghin watu ofisini wanaizungumza sana. Kuna kitu umeandika?

Nikapanda. Mlango wa mkuu ulikuwa wazi nusu. Alikuwa kwenye simu, anaeleza taratibu kama mwalimu. Kona ile itakuwa pa kupumzikia wageni wa njia ya miguu. Vinywaji, vivuli. Wenyeji wa asili wakihamishwa hupewa kiwanja kingine. Lakini akina Nikiéma si wenyeji! Baba mwenye nyumba kakiri mwenyewe, mbele ya karani wa jiji. Ni wageni waliohifadhiwa. Mgeni hapewi kiwanja. Mgeni anaambiwa asante, kwaheri.

Nilingoja amalize. Nikaingia.

"Mkuu, ulikuwa utani."

"Utani uko wapi?" Kanisogezea ukurasa. "Nionyeshe."

"Mimi ni Msamo, mkuu. Yeye Mmosi. Unajua. Wewe na Barry, kila asubuhi..."

"Mimi na Barry hatuandiki, Toé."

Nikausoma ukurasa. Hakuna neno "akicheka". Hakuna mbwa aliyefungwa, hakuna kofia iliyovuliwa, hakuna mtu mavumbini. Maneno tu, yamenyooka, mwandiko mzuri. Na sahihi yangu.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Kasema Jumanne saa nne kamati inakwenda pale, watu wanne. Wataniuliza swali moja: alisema au hakusema? Nijibu ndiyo. "Si uwongo, sivyo? Alisema." Kisha kaniambia kuwa mkataba wangu unaisha mwezi wa pili, na kwamba makarani waangalifu ni wachache.

Nimekula karanga zote za mkobani. Sikuhisi ladha.

Jumamosi, 23 Januari

Nilikwenda kuwaambia. Nilitembea polepole, nikapita njia ndefu ya soko lililoungua likajengwa upya, nikasimama hata kuangalia vitambaa. Lakini kila njia Ouaga hufika mwisho.

Nikamwambia Noaga lote, nimesimama, sikukaa kitini.

Nilimwona anavyotafuta hasira ndani yake na kukosa njia ya kuitolea. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko kiti chake na kofia yake. Uso wake ulikwenda huku na huku kama mtu aliyefungiwa chumbani. Mwishowe kacheka. Kicheko kibaya sana.

"Mtumwa siku zote huhamishwa," kasema. "Nilikwambia tunabeba sufuria. Si nilikwambia?"

"Mtani..."

"Mimi ndiye niliyekwambia andika. Eti na mbuzi!" Akajipiga paji la uso. "Mzee mzima!"

Aïssata alikuwa anaosha vyombo. Alisimama, akaja mpaka mbele yangu, na beseni.

"Yeye haruhusiwi," kasema. "Mimi si mtani wako. Mimi ninaruhusiwa kukasirika."

Akanimwagia maji ya vyombo miguuni. Taratibu, mpaka tone la mwisho. Viatu vyangu vya ofisini vilijaa.

Nilimshukuru. Sijui kwa nini. Nilisema "asante, mama", na yeye akashusha beseni, akatazama kando.

Bibi Tibo ameinuka kwenye mkeka, anauliza kuna nini. Kauliza tena. Ndipo Noaga akapiga magoti kumweleza, kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo. Bibi alisikiliza. Akauliza jambo moja tu: wakitoka, mume wake wa nyuma ya ghala atatoka na nani?

Jumapili, 24 Januari

Misa. Sikumbuki mahubiri.

Nilijaribu kusema "ndiyo" mbele ya kioo cha Germaine. Ni rahisi, mdomo haufunguki hata sana. Nikajaribu "hapana, alikuwa anatania". Sauti haikutoka. Germaine kauliza kupitia ukutani kama nina kikohozi.

Nikisema ndiyo, wao hawana pa kwenda. Nikisema hapana, mimi sina. Nilijiuliza lipi linaniuma zaidi. Nikakaa kitandani nikingoja jibu, kama mtu anayengoja chai ipoe.

Jumatatu, 25 Januari

Bibi Tibo amefariki alfajiri.

Barry kaniletea habari mezani, mbele ya wote. Jirani wa Bendaghin alikuja getini na ujumbe, akataka niambiwe hivihivi ulivyo: "Mwambie Msamo kuwa watumwa wake wamefiwa. Aje atufanyie fujo."

Wote wanajua maana yake. Mtani haalikwi msibani, anaitwa kazini. Ndiye anayevaa nguo za marehemu, anayemwiga, anayewachekesha waombolezaji, anayewazuia wasizike mpaka alipwe. Msiba wa Mmosi usio na Msamo ni kama harusi isiyo na bwana harusi.

Wangeweza kumwita Msamo yeyote. Mji umejaa Wasamo. Wameniita mimi.

Mazishi kesho saa tatu. Kamati saa nne. Mkuu kapita mezani kwangu saa za kutoka. Kasema pole, kasema hii haibadilishi kitu, wafu hawahusiki na viwanja. Kasema nivae vizuri.

Sijawahi kumchekesha mtu mahali penye maiti. Sina hakika kama ninaweza kumchekesha mtu popote.

Jumanne, 26 Januari

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini kwa akina Nikiéma. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini. Niandike haraka.

Nilifika mapema. Aïssata ndiye aliyenipokea. Hakunisalimia. Alinipeleka chumbani kwa bibi, akafungua sanduku, akanivika gauni la marehemu, kitambaa chake cha kichwani, shali yake. Akanitazama. Akasema meno. Sikuelewa. Akanipaka masizi kwenye meno yote ya mbele, kwa kidole chake, mpaka yakapotea.

Kisha kanisukuma nje.

Ua umejaa. Wanawake wa mtaa, wazee, watu wa reli waliovaa kofia kama ya Noaga. Jeneza kwenye kivuli cha ghala. Watu wote wananitazama. Niliganda kabisa! Mikono yangu ilikuwa mahali fulani, mbali. Nikawaza: nitaanguka.

Ndipo nikakohoa. Kikohozi cha bibi, kile cha baada ya kicheko. Kilinitoka tu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Nikajikokota mpaka kwenye mkeka, nikajilaza juani kama yeye, nikasema kwa sauti yake: "Nani amekufa? Mbona mnakula bila mimi?"

Kicheko! Na kilio humohumo, huwezi kuvitenganisha. Nikamwita Noaga nikamkaripia kwa kuvaa kofia mbele ya mama yake. Akaivua. Nikamwambia ananuka punda kama baba yake. Akasema, ndiyo mama. Machozi yakawa yanamdondoka mpaka kwenye shati. Nikamwambia asilie, kijana mkubwa anayeendesha treni. "Siendeshi, mama, nakata tiketi." "Basi hata kulia huna sababu!" Watu wakashikana.

Mimi sikulia. Nilikuwa naona vyote, mbali kidogo. Lakini mdomo ulijua njia.

Wakalinyanyua jeneza. Hapo nikafanya lile la mwisho: nikakimbia, nikaja kukaa hapa kizingitini, nikanyoosha miguu. Hapiti mtu. Wakaleta kola. Nikakataa. Wakaleta kuku, nikamwambia ana macho mabaya. Noaga akachutama mbele yangu kunibembeleza, kama inavyotakiwa.

"Mtani, bei yako nini?"

Nikafungua mdomo niseme jambo la kuchekesha. Juu ya bega lake nikamwona mkuu anashuka garini, na wale wanne.

Walisimama nje, upande wa barabarani, mimi katikati. Wawili kati ya wanne ni Wamosi. Waliona gauni, waliona masizi, waliona jeneza mabegani mwa watu. Wakavua kofia, wakachutama chini bila kuambiwa. Mkuu alibaki amesimama.

"Toé. Inuka hapo."

"Sijalipwa, mkuu."

Wale wawili wakatazama chini. Mmoja alikuwa anauma mdomo.

"Neno moja tu, kisha endeleeni na msiba wenu," mkuu kasema. Alikuwa na ukurasa mkononi. Akausoma kwa sauti, wote wakisikia. Hapa si petu. Ni pa Wasamo. Sisi wageni tu. "Alisema au hakusema?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mawili mbele ya kioo. Sikuyaona popote.

"Alisema," nikajibu.

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Nadhani ni Aïssata. Mkuu akawageukia wanakamati. "Mmesikia."

"Alisema ni pa Wasamo," nikasema. "Ameandika nani? Mimi. Sahihi ya nani? Yangu. Na mimi ni Msamo, mkuu. Basi hapa ni pangu."

Nikaivuta shali ya bibi mabegani.

"Wageni ni hawa, sawa. Lakini ni wageni wangu. Nimewahifadhi mwenyewe. Mimi sijawafukuza. Na mimi sitoki."

Sikujua kama nilikuwa natania. Hata sasa sijui. Niliyasema kwa sauti ya Bibi Tibo, kwa sababu meno yalikuwa meusi na sauti yangu sikuipata.

Yule Mmosi aliyekuwa anauma mdomo akaanguka kwa kicheko, akajishika ukutani, mkono juu ya msalaba mwekundu. Mwenziwe akasema, kwa upole kabisa: "Mkuu, kama karatasi ni ya kweli, huyu binti ndiye mwenye nyumba. Kama si ya kweli, basi si ya kweli."

Mkuu akaniangalia. Nilimwogopa vilevile kama jana. Akasema huu ni upuuzi, kasema mimi si mfanyakazi wa jiji tena kuanzia dakika hii, kasema maiti ipishwe ili watu waingie wapime. Akainua mguu kutaka kunivuka.

Ndipo Aïssata akaja. Alisimama nyuma ya bega langu, na beseni lake, tupu safari hii.

"Millogo!" akaita. "Wewe si Mbobo? Mtumwa wangu, umekuja kwa bibi yako wa Kifulani mikono mitupu? Kuni ziko wapi?"

Mguu ukabaki hewani. Niliuona mdomo wake unataka kujibu wenyewe, kama unavyojibu kila asubuhi getini. Watu wa reli wote wanamtazama. Angejibu kwa utani, asingeweza tena kuingia kwa nguvu. Angekataa kujibu, mbele ya jeneza, habari ingefika kwao Bobo kabla yake.

Ameshusha mguu. Amekwenda garini. Amekaa ndani, mlango wazi, anapiga simu. Mpaka sasa anapiga.

Wanakamati wawili Wamosi wamekubali maji ya kunywa. Wengine wawili wamerudi kivulini, ng'ambo. Wamelishusha jeneza. Jua likisogea, watu wa reli wanalibeba tena kidogo kufuata kivuli. Kivuli kinapungua. Padri ametuma mtu makaburini kuuliza tuko wapi. Noaga amekuja kuchutama tena, kanong'ona: mtani, mama hawezi kungoja mpaka jioni. Najua. Nikiinuka ili jeneza lipite, mkuu ataingia. Nikikaa, bibi anaharibika. Kaniuliza tena bei. Nimemwambia nafikiria. Kasema, fikiria, bibi yangu, fikiria — akakaa chini kando ya miguu yangu, kofia mapajani.

Kuna kitu kifuani, upande wa kushoto. Kinauma kama mguu unapoanza kupata damu. Si wakati wake.

Kama umesoma mpaka hapa licha ya kukusihi, basi angalau njoo. Usinitafute ofisini. Wala kwa Germaine. Anzia stesheni, acha pikipiki hapo, watakuuliza kama umeishiwa mafuta, wajibu unavyotaka. Fuata reli mpaka kwa wauza magunia, kata kushoto, pita kinu cha kusaga. Ukifika kwenye vichochoro usiulize mtaa, uliza msiba. Wote watakuonyesha kwa mkono. Ni ua wa kona, hauna namba. Ukiwa Msamo, njoo haraka, kuna nafasi ya mmoja ubavuni kwangu. Ukiwa si Msamo, njoo na mwamvuli, au shuka, kitu chochote chenye kivuli. Usibishe hodi. Mlangoni nimekaa mimi.